Meza Ndefu ya Wifi Mectilda

Wifi yangu Mectilda anapika kuliko mtu yeyote hapa Mbulu mjini, na mwaka huu amepikia mabenchi matupu. Nalisema hili kwa hasira na sitaki mtu anitulize. Kuna watu wanafunga hoteli kwa sababu wameshindwa kupika. Yeye alitaka kufunga yake huku chakula kimejaa sufuriani kinatoa mvuke, na harufu yake inafika mpaka sokoni. Haya, niambie kama hiyo ni haki.

Mimi naitwa Rogathe. Nimetoka Same, nikaolewa na Tadei, kaka yake Mectilda, na tangu niolewe tunasimama pamoja jikoni kwake. Yeye Mwiraqw, mimi Mpare, na hakuna siku inayopita bila kunitania kwamba Mpare akipika mchuzi nyama unaiona kwa imani tu. Namjibu kwamba bila Mpare wa kumshikia mwiko angeshagawa chakula chote na sufuria yake. Tunacheka, tunaendelea na kazi.

Hoteli yenyewe iko chini ya soko, chumba kimoja na jiko nyuma. Haina kibao. Watu husema tu, "Twende kwa Mectilda." Utakuta ugali, maharage, mboga za majani, nyama iliyochemka taratibu na vitunguu saumu vya Bashay, na maziwa ya mgando yanayoletwa kutoka Tumati. Ukila pale mchana, jioni ukifika kwako mke wako anajua ulikuwa wapi bila kukuuliza.

Na ndani ya chumba kile kulikuwa na meza moja tu. Meza ya mbao, ndefu, imetoka mlangoni ikafika kwenye dirisha la jikoni, na mabenchi pande zote mbili. Mwalimu, muuguzi, fundi baiskeli, mzee aliyekuja mjini na ng'ombe wake wa mnada, wote walikaa hapo bega kwa bega. Wifi alikuwa na sheria zake. Ukiingia unasalimia meza nzima, wakubwa shikamoo, wenzako habari. Anayekula anasema karibu. Sasa nyie mnajua, kwingine mtu akikwambia "karibu chakula" unajibu "asante, endeleeni," unapita, na wote mnajua yale yalikuwa maneno ya adabu tu. Kwa wifi siyo. Kwa wifi ukikaribishwa unanawa, unakaa, unamega tonge kwenye sahani ya mwenzako huku ukisubiri ya kwako. Ukisema "asante, endeleeni," unasikia sauti inatoka dirishani: "Wewe! Umekaribishwa, nawa mikono!" Hata afisa wa halmashauri na tai yake alinawa.

Na anauliza, wifi yangu. Mungu wangu, anauliza! Umelala wapi, mbona umekonda, mtoto amepona, mkeo amerudi kwao au bado mpo. Anauliza kwa sauti ile ile anayoitia watu wa kuni kutoka nyuma ya nyumba, kwa hiyo anayeulizwa ni mmoja na wanaosikia ni meza nzima.

Aliyeulizwa kuliko wote ni Mwita. Huyu ni mwalimu, serikali ilimleta kutoka Tarime kufundisha fizikia hapa sekondari. Siku ya kwanza aliingia akitetemeka kwa baridi, wala hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba Mbulu Julai inauma. Wifi akamvua begi mgongoni, akamkalisha karibu na jiko, akampa koti la marehemu mumewe. Basi, tangu hapo akawa "mwanangu" na wifi akawa "mama." Mwita akawaleta walimu wenzake. Walimu wale wanamfuata kama vifaranga, akienda huku wanaenda huku. Kila siku saa ya chakula nusu ya meza ilikuwa ya walimu.

Nakumbuka alipoachwa na mchumba wake, msichana mmoja anaitwa Irene. Sijui wifi alizipata wapi habari zile, lakini Mwita alipoingia tu akasimama dirishani na mwiko juu: "Leo Mwita aongezewe nyama, ameachwa!" Jamani, meza nzima ilicheka. Wengine walimpa pole, mzee mmoja wa Bashay akamwambia ana binti. Mwita naye alicheka. Au sisi tuliona kama anacheka.

Kisha ikaja Shiba Chapu.

Shiba Chapu wana hoteli Arusha, wana Babati, wana Singida, wana Katesh, na zote ni moja. Ukifumbwa macho ukapelekwa ndani hutajua uko mji gani. Hapa kwetu walijenga karibu na kituo cha mafuta, vioo kutoka juu mpaka chini, viti vyekundu, kibao kinachowaka mchana kama vile jua la Mungu halitoshi. Unaagiza kwenye kaunta, unapewa kikaratasi chenye namba, unakaa, namba yako inatokea kwenye runinga. Chipsi, kuku, wali, soseji. Bei mara mbili ya kwetu. Siku walipofungua, mimi na wifi tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mtu mzima anakaa anatazama runinga akisubiri namba yake kama yuko hospitali!

"Kipya kinyemi," wifi alisema. "Waache wakanyonye hiyo mifupa ya kuku. Watarudi."

Hawakurudi. Walianza walimu, Mwita mbele. Wakafuata wauguzi, halafu watu wa halmashauri, halafu hata wale vijana wa bodaboda ambao hapo zamani walikuwa wanakwangua sufuria zetu. Tukabaki na wazee wa siku ya mnada, na mnada siyo kila siku. Wifi alikuwa anapika kiasi kile kile, jioni tunagawa kwa majirani. Nikimwambia apunguze, ananiambia, "Wakija wakakosa je?"

Hapo ndipo hasira zangu zilipoanza, kwa sababu tulihangaika, na tulihangaika kijinga. Wifi alisema ni viti. Tukanunua viti vya plastiki vyekundu, tukavipanga kwenye ile ile meza ndefu. Hakuna aliyekuja. Akasema ni rangi. Tukapaka ukuta mwekundu, moshi wa jiko ukaugeuza rangi ya ini. Akasema ni sare. Mimi na unene wangu huu nikavalishwa fulana nyekundu imeandikwa KARIBU mgongoni, maana yake mteja anakaribishwa nikishampa kisogo. Mume wangu Tadei aliponiona alikaa chini kwenye majani akacheka mpaka akakohoa. Nilimnyima chakula siku hiyo.

Mwisho akasema ni chipsi. Wifi yangu hajawahi kukaanga chipsi maishani mwake. Akakata viazi vipande kama kuni, akavikaanga, akavionja, akaona vikavu, akavimwagia mchuzi wa nyama. Mteja wa kwanza alitazama sahani muda mrefu. "Mama," akasema kwa heshima zote, "mimi niliagiza chipsi." Wifi akamwambia, "Ndizo hizo, na nimekuongezea mchuzi wa bure." Yule kaka alikula, akashiba, akasema ni tamu sana, na sijamwona tena.

Siku moja wifi alikaa juu ya gunia la mkaa akaniambia maneno ambayo sikutaka kuyasikia. "Wifi, mwisho wa mwezi nazima jiko. Nitakwenda Endagikot nikalime shamba la baba. Lakini Mwita akirudi, walimu watarudi, na wakirudi walimu mimi naendelea. Asiporudi, basi."

"Umemweka huyo kijana awe nani, mtume?"

"Nimemvika koti la mume wangu," alisema. "Nataka anitazame usoni aniambie nimekosa nini."

Nikaenda kumtafuta. Nilimkuta kwenye njia ya sekondari, amebeba madaftari. "Shikamoo mama mdogo," akasema, huku anatazama viatu.

"Marahaba. Mwita, tumekukosea nini?"

"Hapana, mama mdogo! Ni kazi tu. Mitihani. Nitakuja."

Nitakuja! Hii nchi ina "nitakuja" nyingi kuliko mahindi. Nikamwambia, "Mitihani yako inasahihishwa Shiba Chapu?" Akacheka kidogo, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaondoka. Mimi nilimuudhi au yeye aliniudhi, mpaka leo sijui, ila nilifika jikoni nikavunja kikombe.

"Basi twende sisi," wifi akasema. "Tukaone wana nini."

Akavaa kitenge chake cha kanisani. Mimi nikavaa sweta juu ya ile fulana, nisije nikaonekana nimekuja kuomba kazi. Tulifika saa ya chakula, pamejaa. Na nilichokiona kwanza siyo viti wala vioo, ni ukimya. Watu wote wale, na hakuna sauti ila ya mafuta yanayochemka. Meza ndogo ndogo, mtu mmoja mmoja, mwingine ametazama kioo, mwingine simu, mwingine ukuta. Nusu yao walikuwa wateja wetu.

Wifi akasimama mlangoni, kama sheria zake zinavyotaka. "Shikamooni wakubwa! Wanangu, hamjambo?"

Vichwa viliinuka. Vilipotuona vikashuka upesi sana. Muuguzi mmoja, Belinda, aliyekuwa anakula kwetu hata siku za likizo, alijifunika uso kwa kikombe cha soda. Hakuna aliyeitikia vizuri, ni ile minong'ono ya "marahaba" kama watu wanaosali sala wasiyoijua.

Mwita alikuwa kona ya mwisho, mgongo kwa watu, uso ukutani. Aligeuka, akamwona mama yake. Ni kijana aliyelelewa, siwezi kumnyima hilo. Aliinuka nusu, akasema, "Shikamoo mama. Karibu chakula."

Mtu mwingine yeyote chini ya jua angejibu asante. Wifi yangu alikwenda kwenye sinki, akanawa, akarudi, akavuta kiti kutoka meza ya jirani, akakaa mbele ya Mwita, akachukua paja la kuku kwenye sahani yake akaling'ata. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Msichana wa kaunta alinyoosha shingo. Wifi akatafuna, akameza, akaanza kazi yake.

"Umekonda, mwanangu. Unalala vizuri? Mama yako kule Tarime hajambo? Ile presha yake imeshuka? Na yule Irene aliyekuacha, ameshaolewa?"

Ukumbi mzima ulisikia. Mwita akaweka chini kipande cha chipsi alichokuwa ameshika. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Mama," akasema, "hiki ndicho nilichokikimbia."

"Kipi?"

"Hiki. Si chakula. Chakula cha hapa hakifikii chako hata kidogo, huyu kuku sijui hata alikufa lini. Lakini hapa naingia, nakula, natoka. Hakuna anayejua kama nimeachwa. Hakuna mzazi wa Tumati wa kuniuliza mbele za watu kwa nini mtoto wake amefeli fizikia. Nikila nyama, nyama yote ni yangu. Mama, mimi kwako sijawahi kula. Kwako huwa nahojiwa nikiwa nimeshika tonge." Akavuta pumzi. "Na siyo mimi peke yangu. Waulize hawa."

Wifi hakuwauliza. Aliwatazama tu, mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa akakumbuka ana ujumbe kwenye simu. Akalirudisha lile paja sahanini, limeng'atwa upande.

"Kwa hiyo nikinyamaza, utakuja?"

"Ukinyamaza nitakuja, mama. Na kama kuna meza ya mtu mmoja."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa namchambua yule kijana. Nilisema mshenzi, nilisema hana shukrani, nilisema kama hataki kuulizwa akaishi porini na fisi, nao hawaulizi. Koti amevaa, maziwa amekunywa, leo anatuambia alikuwa anahojiwa! Wifi alikuwa anatembea mbele, haraka. Tulipofika tu akanituma nimwite Urban, fundi seremala.

Urban alikuja na msumeno wake. Wifi akamwonyesha meza kwa kidole: "Nikatie vipande. Kila kimoja kikae mtu mmoja, wakizidi sana wawili."

"Wifi!" nikasema. "Unakata mguu ili uingie kwenye kiatu!"

"Wameomba wenyewe."

"Wameomba upuuzi!"

"Wifi, hoteli ni yangu au yako?" Ukiona ananiuliza hivyo ujue maneno yamekwisha. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikisikiliza ule msumeno. Kila ulipokwenda na kurudi mimi nilikuwa natukana kwa Kipare, na Urban hajui Kipare, basi alinijibu "asante."

Tukawa na hoteli ya meza ndogo. Moja wifi aliiweka imetazama ukuta kabisa, ya Mwita. Na akajiwekea sheria mpya: salamu fupi, nikuletee nini, chakula, karibu tena. Basi. Alikuwa kama mtu aliyejaza maji mdomoni. Akiingia mtu na mkono umefungwa bandeji, wifi anatazama ile bandeji, anatazama dari, anamuuliza, "Ugali au wali?" Halafu anakuja jikoni ananibana: "Ameumia wapi yule? Ameumia na nini?" Mimi nitajua?

Nitasema ukweli hata kama unaniudhi: watu wakaanza kurudi. Kidogo kidogo. Belinda alikuja, akala akitazama simu, akaondoka ameridhika. Vijana wawili wa halmashauri wakaja. Chumba kikawa kimya kama cha mtihani, na wifi akaniambia unaona.

Jumatano Mwita akaja.

Alikuja asubuhi, siyo saa ya chakula, saa ambayo mwalimu yuko darasani. Macho mekundu. Amevaa koti lakini vifungo amevikosea, upande mmoja umepanda juu. Akakaa kwenye meza ya ukutani.

"Karibu," wifi akasema. "Nikuletee nini?"

"Chochote, mama."

Akapelekewa ugali, nyama na mgando. Akamega matonge mawili, akaacha. Akaweka simu mezani, akaigeuza chali, akaifunika tena. Nilikuwa namtazama kupitia dirisha la jikoni na moyo wangu ukakataa.

"Wifi, yule kijana ana jambo. Nenda kamuulize."

"Nimemuahidi."

"Ahadi gani? Humwoni macho?"

"Namwona," alisema. "Namwona sana. Ndiyo maana nimejificha huku. Nikitoka nitamuuliza, nikimuuliza atakwenda tena Shiba Chapu."

"Basi naenda mimi."

Akasimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi. "Thubutu!"

Ni mkubwa kwangu, na ni wifi. Nikakaa. Mwita alikaa pale mpaka maziwa yakatengana. Watu waliingia, wakala, wakatoka. Kila muda kidogo alikuwa anageuza shingo kutazama dirisha la jikoni, na kila akigeuka wifi anainamisha kichwa kwenye sufuria. Mwishowe akainuka. "Asante, mama."

"Karibu tena," wifi akasema.

Alisimama mlangoni kama mtu anayetafuta kofia yake. Halafu akatoka.

Wifi akapiga makofi. "Umeona? Amekaa kuliko siku zote alizowahi kukaa! Amerudi, wifi. Mwita amerudi!" Akanishika mikono tucheze. Yeye alicheza. Mimi nilisimama tu kama nguzo, na nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani.

Ijumaa mchana wakaja walimu. Siyo wawili, siyo watatu, shule nzima, na mkuu wao, Mwalimu Veronica, mbele. Wifi alipowaona wanateremka kutoka sokoni alifunga kanga upya. "Nilikwambia! Weka maji mengine ya ugali!" Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu mumewe alipokuwa hai.

Waliingia, na bila kuagiza kitu wakaanza kuburuta zile meza ndogo. Wakaziunganisha moja baada ya nyingine, kutoka mlangoni mpaka dirishani. Wifi akatoka na taulo mkononi hajaelewa. Mwalimu Veronica akaweka kikapu katikati ya meza.

"Shikamoo mama. Utusamehe, tumekuja na msiba wetu hapa kwako. Kule Shiba Chapu hawataki watu wakae kikao, na meza zao zimefungwa sakafuni. Tunakusanya rambirambi."

"Msiba wa nani?"

Mwalimu Veronica akashangaa. "Mama, kwani hujui? Wa Mwita. Mama yake amefariki. Alipigiwa simu juzi asubuhi yupo darasani, na jana alfajiri akapanda basi la kwenda kwao."

Wifi akaishika ile taulo kwa mikono miwili.

"Sisi tulidhani unajua," Mwalimu Veronica akaendelea. "Alipopata ile simu tulitaka kukaa naye. Akakataa. Akasema anakwenda kwa mama. Tukajua ni kwako."

Nikamwekea wifi kiti. Alikaa, akafunika mdomo kwa taulo, ile taulo ya kufutia meza. Halafu akaingiza mkono kifuani, akatoa simu. Wifi hajui kupiga simu bila kuiweka sauti ya juu, kwa hiyo wote tulisikia inavyoita, na tulisikia ilivyopokelewa.

"Mwita," alisema. "Umekula?"

Nyuma yake watu wanalia, mbuzi analia. Kisha, "Bado, mama."

Hapo ndipo wifi alipolipuka. "Bado! Tangu lini? Na juzi ulikaa kwangu kutwa kimya kama gunia, mdomo wako uliuacha wapi? Mama yako amekufa unaniambia 'chochote'! Chochote ndiyo nini? Aliumwa nini? Ni ile presha? Nani alikuwa naye? Hapo msibani nani anapika? Umelala wapi? Una nguo ya joto?"

Alikuwa anafoka na machozi yanamtiririka mpaka kwenye shingo. Na Mwita akajibu. Swali kwa swali. Ndiyo, ni presha. Alianguka akichota maji kisimani, dada yake alikuwa naye. Wanapika mashangazi. Hajalala. Alijibu yote mbele ya shule nzima iliyoinamisha vichwa, na wala hakukata simu. Mwisho akasema, "Mama, kwa nini juzi hukuniuliza?"

"Si ulinikataza!"

"Ndiyo. Nilikukataza."

"Sasa?"

"Sijui, mama," akasema. "Sijui."

Wakaagana. Akamwambia aende akale, naye akasema anakwenda. Wifi akaiweka simu mezani, akafuta uso, akawageukia walimu.

"Na nyie. Mkiwa na raha mnakula kule. Mkifiwa mnakuja kwangu."

Mwalimu Veronica akaanza, "Mama, tusamehe," wifi akamkatiza: "Sijataka samahani. Naweni mikono." Wakanawa wote. Tukawapa ugali na nyama, na wifi akaweka mchango wake kwenye kikapu mbele yao.

Mimi nilijua sasa imekwisha, wamejifunza, watarudi. Nilijua! Jumatatu nikatumwa sokoni, nikapita njia ya kituo cha mafuta. Wapo. Mwalimu Veronica yupo, Belinda yupo, wote wapo nyuma ya kile kioo, kila mmoja na meza yake, kila mmoja anatazama namba. Nilisimama barabarani na kapu langu, bodaboda zinanipigia honi. Nilitaka kuingia niwapindulie hizo meza, nikakumbuka zimefungwa sakafuni.

Nilifika jikoni nachemka. Wifi alikuwa amekaa kwenye kigoda na rundo la vitunguu saumu, kiasi kile kile cha zamani, kama anayepikia mnada.

"Wapo kule, wifi. Wote! Walikula hapa, wakalia hapa, leo wapo kule. Mwisho wa mwezi ndiyo huu, ulisema mwenyewe. Zima jiko tukalime."

"Mwita amesema akimaliza msiba anakuja kula."

"Mwita mmoja! Mwita mmoja ataimaliza sufuria hii?"

Aliendelea kumenya.

"Na wale wengine nao wana mama zao. Nao siku moja watapigiwa simu," alisema, akanisogezea kigoda kingine nimsaidie.